Paka ana vidonda usoni: mkague kwanza, dawa baadaye

Uso na kisogo ndizo sehemu ambazo ulimi wa paka haufiki. Akiwashwa tumboni au mgongoni atajilamba. Akiwashwa usoni ana njia kuu mbili. Ama anainua mguu wa nyuma na kujikuna kwa kasi, makucha yakiwa nje na bado yana uchafu wa sanduku lake la haja, ama analamba kiganja cha mbele mpaka kilowe, kisha anajipangusa nacho kuanzia sikioni hadi puani. Mtazame kwa dakika moja utaona anarudia: analamba, anapangusa, analamba tena.

Makucha ndiyo yanayogeuza muwasho mdogo wa asubuhi kuwa kidonda kibichi ifikapo jioni. Kiganja ndicho kinachopeleka tumboni kila unachompaka usoni. Kwa hiyo kazi haianzi na krimu. Inaanza na mwanga mzuri, inafuata kumzuia asijikune, halafu kutafuta chanzo. Krimu ya haraka ina hasara nyingine pia: inabadilisha sura ya kidonda, na sura hiyo, pamoja na mahali kidonda kilipo, ndiyo inayomwonyesha daktari wa mifugo pa kuanzia.

Hali ambazo hazisubiri

Anafumba jicho moja, jicho linatoa ute wa njano au kijani, au limefunikwa na ukungu mweupe au wa bluu: apelekwe siku hiyo hiyo. Kidonda cha jicho kinaweza kuzidi ndani ya saa chache, na mara nyingi paka mwenyewe ndiye aliyejikwaruza alipokuwa akikuna kope.

Uso umevimba ghafla na anahema kwa taabu: mpeleke sasa hivi.

Uvimbe laini wenye joto shavuni au karibu na sikio, siku mbili hadi tano baada ya kupigana na paka mwenzake, karibu kila mara ni jipu. Jino la paka ni jembamba kama sindano. Linaingiza vijidudu chini ya ngozi, tundu linafunga juu, usaha unajaa ndani. Jipu linahitaji kutumbuliwa na daktari, kuoshwa ndani na mara nyingi dawa ya antibiotiki. Ukilikamua nyumbani unausukuma usaha ndani zaidi. Joto la kawaida la paka ni kati ya nyuzi 38 na 39.2 za Selsiasi. Likizidi hapo naye amejikunyata hataki kula, usingoje kesho.

Hajala saa 24: piga simu kwa daktari. Paka, hasa aliyenenepa, akikaa siku mbili tatu bila kula, ini lake huanza kujaa mafuta, na ugonjwa huo unaweza kumuua hata kama kilichomkosesha hamu ya kula kilikuwa kidonda kidogo cha mdomo.

Kumkagua

Mweke juu ya meza karibu na dirisha, chini yake taulo ili asiteleze. Kama ni mkali, mfunge kwenye taulo: mweke katikati akiwa amelala kifudifudi, leta upande mmoja juu ya mabega umpitishie chini ya kidevu, kisha upande wa pili juu yake. Kichwa tu kibaki nje. Fanya haraka lakini bila kumkaba. Ukimkamata kwa nguvu leo, kesho atakukimbia ukishika taulo tu.

Angalia kwa mpangilio ule ule kila siku, la sivyo utaruka kitu. Anza na ncha za masikio, kisha tundu la sikio, upara ulio kati ya jicho na sikio, kope, mgongo wa pua, midomo, mwisho kidevu. Mdomo wa juu uinue kwa kidole gumba uone upande wa ndani. Kidevuni rudisha manyoya nyuma kwa vidole, maana yanaficha mengi.

Mambo mawili huwatia watu hofu bure. Manyoya machache kati ya jicho na sikio ni maumbile ya paka, hasa wenye manyoya mafupi; kama ngozi pale haina wekundu wala magamba, achana napo. Na paka wa rangi ya chungwa hupata madoa meusi bapa kwenye midomo, pua na kope kadiri anavyozeeka. Yakiwa bapa kabisa na hayamwashi, ni rangi tu. Doa linaloinuka, linalokua au linalotoka damu lionwe na daktari.

Kisha mchane kwa chanuo la viroboto lenye meno yaliyobanana, shingoni na juu ya mkia. Kung'uta kilichotoka kwenye karatasi nyeupe iliyoloweshwa maji. Punje nyeusi zikianza kuzungukwa na duara la kahawia lenye wekundu, hizo ni kinyesi cha viroboto, yaani damu iliyosagwa. Punje zikibaki nyeusi bila kutoa rangi ni uchafu wa kawaida. Usipokuta kitu usiseme hana viroboto: paka anayewashwa hujilamba vizuri mno na kumeza ushahidi wote.

Piga picha mwangani, karibu na kwa mbali, kila baada ya siku mbili. Macho yako yatazoea kidonda, picha hazizoei.

Mahali kilipo kidonda

Kidevu chenye punje nyeusi, kama mtu amekimwagia pilipili manga, ni chunusi za paka. Vitundu vya manyoya vimeziba kwa mafuta na ngozi iliyokufa. Hatua hiyo haimsumbui sana. Shida ni pale vijidudu vinapoingia: kidevu kinavimba, kinakuwa chekundu, vinatokea vipele vya usaha na damu. Bakuli la plastiki hulaumiwa mara nyingi, na lawama hiyo ina maana, kwa sababu plastiki hukwaruzika na mikwaruzo hiyo huhifadhi mafuta na vijidudu hata ukiosha. Badilisha uweke la chuma kisichoshika kutu au la kioo, lililo pana na lisilo na kina, na lioshwe kila siku kwa maji ya moto na sabuni, likiwemo la maji. Usikamue punje hata moja. Kitundu kikipasukia ndani ya ngozi, usaha unasambaa chini na unapata jipu mahali palipokuwa na nukta.

Masikioni ukikuta uchafu mweusi mkavu kama machicha ya kahawa, na paka anatikisa kichwa na kujikuna mpaka ametoa jeraha nyuma ya sikio au kwenye paji, shuku utitiri wa masikio. Jeraha lipo usoni, chanzo kipo ndani ya tundu, ndiyo maana watu hutibu jeraha wiki nzima bila nafuu. Utitiri huo unakamilisha mzunguko wa maisha kwa takribani wiki tatu na unahama kwa kugusana, kwa hiyo paka na mbwa wote wa nyumba hutibiwa pamoja. Daktari anautambua kwa kuangalia uchafu kwenye hadubini. Usitie tone lolote sikioni kabla kiwambo cha sikio hakijaangaliwa. Kikiwa kimetoboka, dawa nyingi za sikio zinaweza kumletea uziwi au kumfanya apepesuke.

Gaga nene la kijivu linaloanza kwenye kingo za masikio, likashuka kwenye paji, kope na shingo, ngozi ikikunjana kama ya mzee, na muwasho usiomwacha alale: huo ni upele wa paka, unaoletwa na mdudu aitwaye Notoedres cati. Anayemshika naye anaweza kutoka vipele mikononi kwa muda. Unatibika vizuri kwa dawa za matone za paka kama selamektini, ambazo daktari huchagua kwa uzito. Jihadhari na ivermektini ya sindano ya ng'ombe. Imetengenezwa kwa mnyama wa mamia ya kilo; kwa paka wa kilo 4, kosa la sehemu ndogo ya mililita moja ni kosa kubwa.

Mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya, yenye magamba ya kijivu na nywele zilizokatika kama zimenyolewa vibaya, hasa kwa paka mdogo, ni dalili ya choa. Ni fangasi, mara nyingi Microsporum canis, na inaambukiza watu, watoto kwanza. Si lazima imwashe. Vaa glovu, mtenge kwenye chumba kimoja chenye sakafu inayofutika, na umpeleke apimwe. Taa ya urujuanimno huonyesha baadhi ya nywele zenye fangasi hiyo kwa mng'ao wa kijani cha tufaha, lakini zisipong'aa bado huwezi kusema hana. Kuotesha fangasi maabara ndiko kunakothibitisha, na huchukua hadi wiki mbili tatu. Tiba ni dawa ya kumeza pamoja na kuoshwa mwili mzima kwa wiki kadhaa. Mbegu za fangasi hukaa ndani ya nyumba kwa miezi mingi, kwa hiyo okota manyoya kila siku, fua matandiko, na sakafu iliyokwisha kusafishwa kwa sabuni na kusuuzwa ipitie jiki, sehemu 1 kwa 100 za maji, iachwe imelowa dakika 10. Paka asirudi mpaka pamekauka na harufu imeisha.

Vipele na magaga madogo kwenye mgongo wa pua na nje ya masikio, hasa kwenye manyoya meusi, vikiongezeka msimu wa mbu, ni mzio wa mbu. Kipimo chake ni rahisi kuliko vyote: mfungie ndani ya chumba chenye wavu madirishani. Akipata nafuu ndani ya siku chache, umeshajua.

Mdomo wa juu wenye kidonda cha waridi kilichochimbika, kingo zimeinuka, lakini paka anakula kama hana kitu, ni aina ya kidonda cha mzio ambayo kwa kawaida haiumi. Usikisugue. Nyuma yake mara nyingi kuna viroboto, chakula au kitu kingine cha mazingira, na daktari hutuliza uvimbe huku akitafuta kipi.

Kidonda kidogo kwenye ncha ya sikio, pua au kope ya paka mweupe ndicho kinachotutia wasiwasi kuliko vingine vyote kwenye orodha hii. Kinaanza kama kuungua na jua, kinafunga gaga, gaga linadondoka, kinafunga tena. Saratani ya ngozi huanza hivyo hivyo. Kidonda cha aina hiyo kisichopona kwa wiki mbili kikatwe kipande kipimwe. Ikigunduliwa mapema kwenye ncha ya sikio, kukata ncha hiyo mara nyingi kunamaliza tatizo. Ikishafika ndani ya pua, kazi ni ngumu sana.

Na kama kichwa na shingo vyote vimechunika, hakuna duara, hakuna uchafu sikioni, hakuna utitiri, wanaobaki washukiwa ni viroboto na chakula. Tutawarudia.

Kumsafisha

Maji ya chumvi yanatosha kwa karibu kila jeraha la usoni. Chemsha nusu lita ya maji, tia gramu 4.5 za chumvi, ambazo ni kama robo tatu ya kijiko cha chai, koroga, acha yawe vuguvugu. Ukizidisha chumvi yatachoma. Ukipunguza hayaharibu kitu. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwage.

1. Nawa mikono au vaa glovu. Mfunge paka kwenye taulo.
2. Lowesha kipande cha shashi, kikamue kisidondoke, kiweke juu ya gaga kwa dakika tatu hadi tano bila kusugua. Pamba huacha nyuzi kwenye kidonda, tumia shashi.
3. Futa kuelekea manyoya yanakolala, ukianza upande wa jicho kwenda nje, wala usirudi nyuma. Kipande kimoja, mpito mmoja, kisha tupa. Jicho la kulia na la kushoto yasitumie shashi moja.
4. Gaga lililolainika litoke lenyewe. Linaloshikilia liache mpaka kesho. Ukilibandua unachukua na ngozi mpya iliyo chini.
5. Kausha kwa kugusa tu. Unyevu uliobaki kwenye mikunjo huzaa vijidudu, na paka wa uso bapa wana mikunjo mingi kando ya pua.

Mara mbili kwa siku inatosha. Kusafisha mara tano kunaikausha ngozi na kuongeza muwasho.

Kwa kidevu chenye chunusi unaweza kuongeza klorheksidini, dawa ya maji ya kuua vijidudu vya ngozi, isiyo na kileo. Ikiwa chupa ni ya asilimia 2, changanya mililita 5 na mililita 200 za maji yaliyochemshwa yakapoa; ikiwa ni ya asilimia 4, mililita 2.5. Tumia maji matupu, maana chumvi huifanya itengeneze mashapo, na mabaki ya sabuni kwenye ngozi huipunguzia nguvu. Pitisha kidevuni mara moja kwa siku, mshike dakika chache paweze kukauka asipalambe. Isifike jichoni, hata ikiwa imezimuliwa, kwa sababu inaweza kuunguza kioo cha jicho, wala isiingie sikioni. Juu ya mstari wa mdomo, baki na maji ya chumvi.

Vitu vinavyomdhuru

Ini la paka haliwezi kuvunja kemikali nyingi ambazo la mtu au la mbwa huzimaliza bila shida. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini ndiyo hatari ya kwanza: ndani ya saa chache paka anaanza kutetemeka, kisha degedege. Ikitokea, mwoshe kwa maji vuguvugu na sabuni ya maji ya vyombo, mfunge taulo asipate baridi, kimbia kwa daktari. Hata paka anayelala ubavuni mwa mbwa aliyepakwa dawa hiyo anaweza kudhurika.

Parasetamoli inaua paka, hata nusu kidonge. Mafuta ya mti wa chai na mafuta mengine makali ya mimea, dawa za kusafishia zenye fenoli, na krimu za upele wa nepi zenye zinki zote huishia tumboni kupitia kile kiganja. Haidrojeni peroksaidi na spiriti huunguza ngozi inayojaribu kuota. Krimu za watu zilizochanganywa na steroidi huondoa wekundu kwa siku tatu nne, mwenye paka akafurahi, na kama ni choa fangasi inatambaa kwa raha chini yake.

Koni na kucha

Ncha za kucha zikatwe, na za miguu ya nyuma kwanza, kwa kuwa ndizo zinazochana uso. Bonyeza kidole taratibu kucha itoke, tazama mshipa wa waridi ndani yake, kata ile ncha inayopitisha mwanga ukiacha milimita 2 kabla ya waridi.

Koni ya shingoni, yaani ile kola pana kama faneli inayouzunguka uso, iache nafasi ya vidole viwili kati yake na ngozi, na ukingo wake uipite pua kwa sentimita 2 au 3. Ikiwa fupi, mguu wa nyuma unaufikia uso kama kawaida. Mpe chakula kwenye bakuli dogo linaloingia ndani ya koni, liinue kidogo kutoka sakafuni. Saa za kwanza atarudi nyuma nyuma, atagonga milango, atakuangalia kwa masikitiko. Usimvue kwa huruma. Dakika tatu za kujikuna zinarudisha kidonda cha wiki nzima, na safari ya pili huchukua muda mrefu kuliko ya kwanza. Anavuliwa ukiwa umekaa naye, ukimtazama, basi.

Viroboto, halafu chakula

Paka mwenye mzio huwashwa na mate ya kiroboto, kwa hiyo kuumwa mara chache tu kunatosha. Viroboto unaowaona juu yake ni sehemu ndogo ya waliopo. Mayai na mabuu yako kwenye zulia, nyufa na matandiko, na kiroboto mchanga anaweza kungoja ndani ya ganda lake kwa miezi. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa: wanatia dawa mara moja, wiki ya tatu viroboto wapya wanaanguliwa, wanasema dawa ni mbovu. Tibu wanyama wote wa nyumba, kila mmoja kwa dawa ya aina yake na uzito wake, bila kuruka, angalau miezi mitatu. Matone yawekwe chini ya kisogo, manyoya yakiwa yametenganishwa na ngozi kuonekana, mahali ulimi haufiki. Fua matandiko kwa maji ya moto kila wiki.

Muwasho ukiendelea ilhali viroboto wamedhibitiwa, jaribu chakula. Kwa wiki 8 anakula protini ambayo hajawahi kuila maishani, au chakula maalumu cha daktari ambacho protini yake imevunjwavunjwa, na asiguse kingine chochote: si kipande cha samaki, si maziwa, si kidonge chenye ladha ya nyama. Tonge moja la pembeni linaharibu jaribio lote. Akipona, mrudishie chakula cha zamani makusudi. Muwasho ukirudi ndani ya siku 14, umepata jibu. Ukiruka hatua hii hutajua kama ni chakula au ni bahati ya msimu.

Kidonda kinachopona kinaonekana kikavu na kidogo kwenye picha ndani ya siku tatu hadi tano. Ngozi hufunga kwanza, manyoya yanafuata baada ya wiki kadhaa. Ikifika siku ya saba hakuna tofauti, mpeleke kwa daktari pamoja na picha zako, chupa ya kila ulichompaka na jina la chakula anachokula, na usimsafishe asubuhi hiyo: gaga na usaha ulivyo ndivyo vinavyowekwa chini ya hadubini.